MAARIFA YA NYUMBANI: Kuuliza Si Ujinga, Bali Kuna Namna ya Kuuliza



Katika ukurasa huu tumekwisha kuzungumza mengi juu ya jikoni, bustani, malezi ya watoto na utunzaji wa fedha za nyumbani. Juma hili napenda tuzungumze juu ya chombo ambacho leo kimo katika nyumba nyingi, mijini na vijijini, lakini ambacho wengi wetu tunakitumia kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Chombo hicho ni simu ya kisasa yenye mtandao wa intaneti.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini mtu akienda sokoni akamwuliza mchuuzi wa dawa kama dawa yake ni nzuri, hawezi kutazamia jibu jingine isipokuwa ndiyo. Ameuliza, lakini amemwuliza asiyestahili kuulizwa. Jambo hilo ndilo lililoipata familia yetu, nami nalisimulia ili liwe funzo kwa wengine.

Kuku wa mama

Mama yangu anaishi kijijini, si mbali na mji wa Tororo. Alikuwa na kuku 34 wa kienyeji. Kuku hao hawakuwa pambo la ua. Kila muhula wa shule ulipokaribia, aliuza baadhi yao, na fedha hizo zilisaidia kumnunulia mjukuu wake madaftari, sare na mahitaji mengine. Kwa hiyo kuku wale walikuwa ndiyo benki yake.

Katika kiangazi cha mwaka juzi alinipigia simu jioni akasema kuku wawili wamekufa, na wengine wamesimama wakiwa wamejikunyata, mbawa zimelegea, wanahema kwa shida na kuharisha kinyesi cha kijani. Mmoja alikuwa amepinda shingo. Nilimjibu, "Mama, usiwe na wasiwasi, nitatafuta dawa sasa hivi." Nilichukua simu, nikaandika maneno matatu tu: dawa ya kuku. Jibu la kwanza lililotokea lilikuwa la muuzaji aliyeahidi unga wa kutibu "magonjwa yote ya kuku" kwa siku tatu. Palikuwa na picha nzuri za kuku wanene na namba ya simu. Nilituma shilingi 60,000, na unga ukapelekwa kwa gari la abiria siku ya pili.

Mama aliutia katika maji ya kuku kama alivyoelekezwa. Juma lilipokwisha, walikuwa wamebaki kuku watano.

Bwana mifugo wa eneo lile alipofika alitazama mizoga akatuambia kwamba dalili zote zilikuwa za mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri, na ambao vitabuni hujulikana kwa jina la Newcastle. Ni ugonjwa wa virusi. Hauna dawa ya kuutibu. Una chanjo ya kuuzuia tu. Hakuna unga wowote ambao ungaliwaponya.

Usiku ule nilirudi kwenye simu ile ile, safari hii nikiwa na jina la ugonjwa na subira kidogo. Kwa muda usiozidi dakika kumi nilikuwa na kitabu kizima cha mwongozo juu ya kuuzuia mdondo kwa kuku wa vijijini, kilichotolewa mwaka 2001 na ACIAR, shirika la serikali ya Australia linalohusika na utafiti wa kilimo. Kitabu hicho hutolewa bure. Kinaeleza dalili zile zile alizozitaja mama. Kinaeleza pia chanjo iitwayo I-2, ambayo hustahimili joto kuliko chanjo nyingi za ugonjwa huo, na ambayo hutolewa kwa tone moja tu katika jicho la kuku, awe kifaranga au jogoo, kisha hurudiwa kila baada ya miezi michache.

Ndugu msomaji, jambo lililoniuma zaidi si zile shilingi 60,000. Ni kwamba maarifa yalikuwapo, bure, katika simu iliyokuwa mfukoni mwangu miaka yote mama alipokuwa akifuga. Sikuwahi kuyatafuta kabla ya ugonjwa, na ugonjwa ulipofika niliyatafuta vibaya. Mimi niliyepata mafunzo ya ualimu, niliyekuwa nikiwafundisha watoto kuuliza maswali vizuri, nilishindwa kuuliza langu.

Mtambo wa kutafutia hufanyaje kazi?

Watu wengi hudhani kwamba wanapoandika swali, wanamwuliza mjuzi fulani. Sivyo. Mitambo ya kutafutia, kama Google iliyoanzishwa mwaka 1998, au Bing na DuckDuckGo, hupita katika kurasa nyingi mno za mtandao na kuweka faharasa ya maneno yaliyomo, kama ile faharasa ya mwisho wa kitabu. Unapoandika maneno yako, mtambo hutafuta kurasa zinazofanana nayo na kuzipanga kwa kukisia zipi zitakufaa. Haukuhakikishii kwamba kilichoandikwa humo ni cha kweli.

Tena, mara nyingi majibu ya juu kabisa ni matangazo yaliyolipiwa. Huwa na alama ndogo inayosema kwamba yamedhaminiwa, lakini mwenye haraka haioni. Siku hizi pia mitambo hiyo hutoa muhtasari ulioandikwa na akili bandia, ukiwa juu ya majibu mengine. Muhtasari huo waweza kukusaidia kupata mwanzo, lakini hukosea mara kwa mara, na hukosea kwa lugha nzuri yenye kujiamini. Usiutumie kama neno la mwisho katika jambo la afya, sheria au fedha. Fungua ukurasa ulikotoka ukasome mwenyewe.

Namna ya kuuliza

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Haya ni mambo sita ambayo mtu yeyote anayejua kusoma anaweza kuyashika kwa siku moja.

Kwanza, eleza unachokiona, usitangulize unachokidhania. Mimi niliandika "dawa ya kuku" kwa sababu nilikwisha kuamua kwamba iko dawa. Mtambo ukaniletea wauza dawa. Kama ningaliandika "kuku kuharisha kijani, kupinda shingo, kuhema kwa shida", ningaliletewa jina la ugonjwa kwanza, na jina la ugonjwa ndilo lingalinifungulia mlango wa maarifa.

Pili, funga maneno yanayokwenda pamoja kwa alama za kunukuu. Ukiandika "ugonjwa wa mdondo" ndani ya alama hizo, mtambo hutafuta maneno hayo yakiwa yamefuatana hivyo hivyo, wala hauyatawanyi huku na huku.

Tatu, chagua nyumba ya kubishia hodi. Baada ya maneno yako, andika site: na kuifuatisha, bila nafasi, anwani unayoitaka. Ukiandika Newcastle kuku site:go.ug utapata kurasa za ofisi za serikali ya Uganda peke yake. Ukiandika site:ac.ug utapata za vyuo vyetu vikuu. Ukiandika site:fao.org utapata zile za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Kwa njia hiyo wachuuzi wote hubaki nje ya mlango.

Nne, ukitaka kitabu na si maneno mafupi ya kupita, ongeza filetype:pdf. Hayo humaanisha kwamba unataka maandishi kamili yanayoweza kuhifadhiwa na kuchapishwa. Miongozo mingi ya serikali, vyuo na mashirika hutolewa kwa sura hiyo, na mingi yake ni ya bure. Hivyo ndivyo nilivyokipata kitabu cha mdondo.

Tano, ondoa usichokihitaji kwa alama ya kutoa. Newcastle ni jina la ugonjwa, lakini pia ni jina la mji wa Uingereza na timu yake ya kandanda. Ukiandika Newcastle -football, mtambo utaziacha kurasa zenye neno hilo la Kiingereza la mpira. Alama hiyo lazima igusane na neno linaloondolewa.

Sita, badili lugha. Kiswahili kimeenea sana mtandaoni, hasa kwa kazi ya majirani zetu wa Tanzania na Kenya, na katika mambo ya kilimo utapata mengi mazuri. Lakini usikomee hapo. Jaribu Kiingereza, na ndugu zetu wa Burundi na Kongo wajaribu Kifaransa. Kama hulijui neno, mwombe kijana wa shule akusaidie. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Namna ya kumjua anayejibu

Ukiisha kupata jibu, kazi haijaisha. Nilipokuwa mwalimu niliwaambia wanafunzi kwamba kila maandishi yana mwenyewe, na mwenyewe ana sababu ya kuandika. Kwa hiyo jiulize maswali manne: Nani anasema? Anapata faida gani? Alisema lini? Na wengine wasemaje?

Ili kumjua anayesema, tazama anwani iliyo juu ya ukurasa. Anwani zinazoishia na .go.ug ni za serikali yetu, zile za.ac.ug ni za vyuo. Lakini jihadhari: kinachohesabiwa ni mwisho wa jina, kabla ya mkwaju wa kwanza. Mlaghai anaweza kuandika "go-ug" katikati ya jina kisha akamalizia kwa .com, na msomaji mwenye haraka akadhani amefika serikalini. Vivyo hivyo, .org haithibitishi kwamba mwenyewe ni shirika la wema, kwa maana mtu yeyote anaweza kuinunua. Na ile picha ya kufuli kando ya anwani humaanisha tu kwamba mazungumzo yako na tovuti hiyo hayasikilizwi njiani. Haimaanishi kwamba unayezungumza naye ni mwaminifu. Hata mwizi aweza kuweka kufuli mlangoni pake.

Kuhusu faida, kanuni ni nyepesi. Ukurasa unaokueleza ugonjwa kisha ukakuuzia dawa yake hapo hapo, upime kwa makini. Ukikuahidi kwamba dawa moja inatibu magonjwa yote, ufunge. Ukikutaka utume fedha kwanza ili upewe fomu ya kazi au nafasi ya masomo, uufunge haraka zaidi, kisha uende kwenye ofisi yenyewe ukaulize. Rahisi ghali, walisema wazee, nami nimelipa ada ya somo hilo.

Kuhusu wakati, tafuta tarehe. Bei, sheria, mitaala na masharti ya hati za kusafiria hubadilika. Kuhusu wengine, usiridhike na ukurasa mmoja. Chuo kikuu, wizara na shirika la kimataifa wakisema jambo lile lile, una msingi wa kuamini. Lakini kurasa kumi zilizonakili maneno ya mtu mmoja ni shahidi mmoja tu, si kumi.

Milango iliyo wazi

Wasomaji watapenda kujua waanzie wapi. Nitataja milango michache ambayo nimeipitia mwenyewe, na yote ni ya bure.

Kwa mkulima na mfugaji, iko tovuti ya Wizara yetu ya Kilimo, agriculture.go.ug. Iko Infonet-Biovision, iliyotengenezwa kwa ajili ya wakulima wa Afrika Mashariki, yenye maelezo juu ya mazao, wadudu waharibifu na mifugo. Iko pia Access Agriculture, yenye filamu fupi za mafunzo ambamo wakulima wenyewe huonyesha kazi zao. Nyingine zimetiwa sauti ya Kiswahili na ya Kiganda. Filamu hizo humfaa sana mzee asiyesoma.

Kwa mwanafunzi na mzazi, iko tovuti ya kituo cha taifa cha ukuzaji wa mitaala, ncdc.go.ug. Wengi tunakumbuka jinsi shule zetu zilivyofungwa tangu Machi 2020 hadi zilipofunguliwa kwa wote Januari 2022. Wakati ule kituo hicho kilitayarisha masomo ya kujifunzia nyumbani, yakatolewa magazetini na mtandaoni. Hata hivyo nawajua wazazi waliowalipa watu fedha ili wapewe nakala za masomo yale yale. Kwa watoto wadogo iko African Storybook, iliyoanza mwaka 2014, yenye hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, zikiwamo Kiswahili na Kiganda. Mzazi anaweza kuzisoma, kuzihifadhi na kuzichapisha bila malipo.

Kwa mambo ya afya, iko MedlinePlus ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, isiyo na matangazo ya biashara, na yenye sehemu ya maelezo kwa Kiswahili. Lakini hapa nasisitiza: soma ili uelewe na ili ujue la kumwuliza mganga, usisome ili uwe mganga. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya apimwe malaria. Yaliyowapata kuku wa mama yasimpate mtoto wa mtu.

Kwa anayetaka kujua sheria ya ardhi, mirathi au kazi, iko ULII, ambamo sheria za Uganda na hukumu za mahakama husomwa bure. Kwa mwenye kiu ya elimu kwa jumla, iko Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Makala zake nyingine ni fupi, lakini huandikwa na watu wa kujitolea, na mtu yeyote anaweza kuongeza anachokijua. Uendapo kwenye Wikipedia, shuka hadi chini ya makala uone marejeo, kwa maana huko ndiko kuliko na vitabu vyenyewe. Na kwa vitabu vya zamani ziko Project Gutenberg, iliyoanza mwaka 1971 kabla ya intaneti kuwafikia watu wa kawaida, na Internet Archive, iliyoanza mwaka 1996, ambayo pia huhifadhi sura za zamani za tovuti zilizofutwa au kubadilishwa.

Bure, lakini data hulipiwa

Msomaji aweza kusema, "Mbona waita bure, nami hununua data?" Ni kweli. Hapa kwetu ushuru wa asilimia 12 juu ya data ulianza Julai 2021, na kwa mama wa nyumbani kila shilingi ina kazi yake. Kwa hiyo usiingie mtandaoni bila shabaha. Andika swali lako kwenye karatasi kabla ya kuwasha data. Ukipata kitabu, kihifadhi mara moja ndani ya simu, zima data, kisha ukisome kwa utulivu. Wengi humaliza kifurushi kwa kuchungulia filamu za mzaha dakika mbili mbili, na jioni hawana cha kutafutia maarifa. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Shule na vikundi vya akina mama vyaweza kutumia pia programu iitwayo Kiwix. Hupakuliwa mara moja mahali penye mtandao, pamoja na Wikipedia au sehemu yake, kisha husomwa hata mahali pasipo na mtandao. Simu moja iliyojazwa vizuri mjini yaweza kusomwa na kijiji kizima.

Wala tusisahau watu. Mtandao haukuja kumwondoa bwana mifugo, mwalimu wala mwuguzi. Kinyume chake, mtu aliyesoma kidogo humwuliza bwana mifugo swali zuri zaidi, na bwana mifugo humjibu vizuri zaidi.

Mwisho wa habari ya mama

Mama hakukata tamaa. Alisafisha banda kwa maji na sabuni, akafukia mizoga na kuchoma matandiko, akasubiri. Kisha alianza tena na wale watano waliosalia na matetea watatu aliowanunua. Nilimtafsiria kurasa chache za kitabu kile kwa lugha ya nyumbani, dada yangu akaziandika kwa mkono katika daftari, kwa sababu macho ya mama hayapendi maandishi ya simu.

Kisha wakagundua jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisoma haraka haraka nikalipita. Chupa moja ya chanjo ina matone ya kuku wengi sana, na ikiisha kufunguliwa haikai. Nyumba moja yenye kuku wanane kununua chupa nzima ni hasara. Kwa hiyo mama aliwaita majirani. Siku hizi nyumba kumi na moja huchanga fedha, bwana mifugo huwaletea chupa ndani ya chombo cha baridi, na asubuhi mapema, kuku wakiwa bado bandani, huchanjwa wote nyumba hadi nyumba. Kila baada ya miezi minne hufanya hivyo. Tarehe zimeandikwa kwa mkaa juu ya mlango wa banda la mama.

Nilipomtembelea mwezi uliopita nilihesabu kuku 27. Nilimwambia kwamba bado hawajafika idadi ya zamani. Akanijibu, "Mwanangu, wale 34 walikuwa wangu peke yangu. Hawa wana walinzi."

Ndugu msomaji, jioni ya leo kabla ya kuwasha data, chukua karatasi uandike swali moja linaloisumbua nyumba yako: ugonjwa wa mihogo, somo la hesabu la mtoto, haki ya mjane katika shamba. Lichague neno kwa neno. Kisha uulize, umtazame anayekujibu, na uhifadhi ulichokipata mahali ambapo na jirani ataweza kukisoma.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi maharage yasiliwe na wadudu. Hadi wakati huo, nawatakieni kazi njema.